Somo la Utunzaji wa Mali ya Chama: Mpira wa Petroli Uliozeeka

Gari la chama ni mali ya wanachama wote, ingawa funguo zake hushikwa na mtu mmoja. Ndilo lipelekalo mbolea na mbegu kabla ya mvua, ndilo lichukualo mazao ghalani, na usiku wa dharura ndilo limpelekalo mgonjwa hospitali. Aghalabu gari hilo si jipya. Yako bado magari ya petroli ya zamani, kama vile Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na Peugeot 504, iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, ambayo yanaendelea kufanya kazi kwa sababu mitambo yake ni rahisi kueleweka na fundi wa kawaida aweza kuitengeneza.

Chuma cha magari hayo ni kigumu, nacho kikitunzwa hudumu. Lakini baina ya vyuma hivyo mna vipande vifupi vya mpira vinavyopitisha petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu, na kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta. Mpira hauna umri wa chuma. Gari lenye miaka 40 ambalo bado lina mipira yake ya awali, au mipira iliyowekwa na mtu asiyekumbukwa, ni gari linalosubiri hasara.

Somo hili limekusudiwa kwa halmashauri za vyama vya msingi, makatibu, madereva na mafundi. Linaeleza jinsi ya kuutambua mpira uliochakaa, jinsi ya kuubadilisha kwa usalama, na wajibu wa kila mmoja katika kazi hiyo.

MFANO WA KUFUNDISHIA: HESABU ISIYOLINGANA

Chukulia chama cha msingi chenye gari dogo la mizigo la petroli. Kwa miaka mingi gari hilo limekuwa likienda kilomita 9 kwa lita moja. Mwezi mmoja katibu anafunga hesabu na kuona kwamba gari limekwenda kilomita 900, nalo limetumia lita 140. Kwa hesabu ya siku zote zingetosha lita 100. Lita 40 hazijulikani zilikokwenda.

Halmashauri inakutana. Dereva anaitwa, anaulizwa, naye hana jibu. Mjumbe mmoja anakumbuka kwamba nguo za dereva hunuka petroli. Mwingine anasema amemwona mara kwa mara akiinama chini ya gari jioni. Mambo hayo mawili yanachukuliwa kuwa ushahidi, na dereva anasimamishwa kazi hadi mkutano mkuu.

Siku ya tatu fundi anaitwa kulitazama gari kwa sababu nyingine kabisa. Anapolala chini yake anaona mpira ulioungana na bomba la chini ya tangi umepasuka nyufa, na petroli inadondoka kwenye mchanga. Matone hayo hayakuacha dimbwi, kwani petroli hukauka upesi na mchanga hunywa iliyobaki. Katibu anapofungua daftari la gari anakuta dereva ameandika mara mbili, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Mpira wa tangi umechakaa." Hakuna aliyesoma.

Yafaa kupima kama tone dogo laweza kweli kumaliza lita 40. Tukikadiria kwamba matone 50 ya petroli hujaza sentimita moja ya ujazo, na kwamba tone moja hudondoka kila sekunde, basi kwa saa moja zitapotea sentimita 72 za ujazo. Kwa saa 24 itakuwa kiasi cha lita 1.7, na kwa siku 30 zaidi ya lita 50. Kwa hiyo lita 40 kwa mwezi ni mvujo ulio pungufu kidogo ya tone moja kwa sekunde. Mvujo wa namna hiyo hausikiki wala hauonekani na mtu asiyeinama kuutafuta. Dereva alinuka petroli kwa kuwa alikuwa akiinama kuutafuta.

KWA NINI MPIRA HUZEEKA

Mpira wa asili, ule utokanao na utomvu wa mti, haufai kupitisha petroli. Ukiloweshwa hunywa petroli, ukavimba, ukawa laini na mwisho ukachanika. Kwa sababu hiyo viwanda hutumia mpira wa kutengenezwa uitwao nitrili, ambao ulianza kupatikana Ujerumani katika miaka ya 1930. Magari mengi ya petroli ya miaka ya 1970 na 1980 yalitoka kiwandani na mipira ya aina hiyo.

Nitrili hustahimili petroli, lakini haidumu milele. Maadui zake ni wanne. Wa kwanza ni joto la injini, ambalo huukausha mpira na kuufanya mgumu. Wa pili ni hewa yenyewe, hasa ozoni, ambayo hupasua uso wa mpira mahali ulipokunjwa au kuvutwa. Wa tatu ni petroli, ambayo taratibu huyeyusha na kuondoa viungo vya mafuta vilivyotiwa katika mpira ili uwe laini. Gari likisimama miezi mingi bila kutumika, petroli iliyomo hukauka, mpira husinyaa, na siku litakapojazwa tena nyufa hufunguka. Ndiyo maana gari lililopumzishwa msimu mzima lahitaji kuchunguzwa zaidi kuliko lile litembealo kila siku.

Adui wa nne ni spiriti, yaani ethanoli, inayochanganywa na petroli katika nchi kadhaa. Malawi ilianza kuchanganya ethanoli itokanayo na miwa mwaka 1982. Uingereza, ambako Land Rover ilibuniwa, iliifanya petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 kuwa petroli ya kawaida mwezi Septemba 2021. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa mchanganyiko wa namna hiyo. Huvimba, hulainika, na ngozi yake ya ndani hubanduka vipande vidogo ambavyo huenda kuziba vitundu vya kabureta. Gari linalovuka mpaka kufuata mizigo laweza kujazwa petroli hiyo bila dereva kujua.

SEHEMU TATU ZA KUCHUNGUZA

Njia ya petroli katika gari yaweza kugawanywa katika sehemu tatu, na kila sehemu ina dalili zake. Fundi anayezijua hatapoteza siku nzima akitafuta.

Sehemu ya kwanza ni mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, pamoja na mpira mwembamba wa kupumulia. Ikivuja, harufu husikika baada ya kujaza tangi, hasa gari likipanda mlima au likikata kona, kisha hupungua kadiri petroli inavyoshuka. Kwa hiyo wengi hudhani kuwa tatizo limejiponya.

Sehemu ya pili ni kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu. Hapa pampu huvuta. Kwa hiyo injini inapofanya kazi mpira uliopasuka waweza usitoe tone, bali ukaingiza hewa. Dalili zake ni injini kuwa ngumu kuwaka asubuhi, au kukosa nguvu na kusitasita mlimani. Gari likisimama, ikiwa ufa uko chini kuliko usawa wa petroli tangini, petroli huanza kudondoka. Ndivyo ilivyokuwa katika mfano uliotangulia.

Sehemu ya tatu ni kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta. Hapa pampu husukuma, na mvujo hutokea wakati injini inafanya kazi. Sehemu hii ni fupi kuliko zote, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote. Katika injini ya petroli ya Land Rover Series III, kabureta na mabomba ya moto yanayotoa moshi viko upande mmoja wa injini, kabureta ikiwa juu. Petroli ikidondoka hapo huangukia chuma cha moto.

Katika sehemu zote tatu mpira uchunguzwe kwa macho, kwa mkono na kwa pua. Ukunjwe kidogo: ukionyesha nyufa, umekwisha. Ubonyezwe: ukiwa mgumu kama kijiti, au laini kama unga uliokandwa, umekwisha. Mpira uliovishwa kitambaa cha nyuzi utazamwe kwa makini zaidi, kwa kuwa kitambaa huficha nyufa. Kikiwa na unyevu au doa jeusi, mpira wa ndani umeshapasuka. Kadhalika kijiti cha kupimia oili kinuswe. Oili ikinuka petroli, huenda ngozi ya ndani ya pampu imetoboka na petroli inaingia ndani ya injini. Gari hilo lisiendeshwe mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe.

HATARI YA MOTO

Kinachowaka si petroli yenyewe ikiwa katika hali ya maji, bali mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la mchana. Hewa ikichanganyika na mvuke huo kwa kiasi cha asilimia moja na nusu tu, cheche moja yatosha. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu na kupotea, bali hutambaa chini, hujaa katika shimo la gereji, na huweza kuifuata taa ya koroboi au jiko la mkaa lililo hatua kadhaa mbali.

Kwa hiyo mvujo wa petroli hauna daraja dogo. Gari linalovuja lisiegeshwe ghalani karibu na pamba au magunia, lisibebe abiria, wala lisiendeshwe "mpaka mwisho wa msimu". Maji yasitumike kuzima moto wa petroli, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na moto husambaa. Kinachofaa ni kizimia moto cha unga au cha povu. Na kwa moto mdogo, mchanga mkavu.

VIRAKA VISIVYOFAA

Iko desturi ya kufunga mpira unaovuja kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kwa waya, au kwa kuupaka sabuni. Tyubu huvimba na kulainika ikiguswa na petroli, kwa hiyo baada ya siku chache mvujo hurudi ukiwa umefichwa ndani ya kiraka. Waya hukata mpira. Sabuni yaweza kuziba kwa muda tundu la sindano katika tangi la chuma ili gari lifike mjini. Si dawa ya mpira uliopasuka, na karibu na injini yenye moto haifai kabisa.

Wengine hukaza klipu zaidi. Mpira uliokuwa mgumu haushiki tena bomba hata ukikazwa vipi. Klipu huishia kuukata. Wengine tena hutumia mpira wa kumwagilia bustani, au mrija wa plastiki unaopitisha mwanga. Huo wa kwanza huharibiwa na petroli, na wa pili hukakamaa na kupasuka. Fedha iliyookolewa kwa njia hizo haifikii hata bei ya lita chache zilizopotea.

KUCHAGUA MPIRA MPYA

Mpira wa petroli huandikwa ubavuni alama ya kiwango chake. Ulio bora kwa gari la zamani ni ule wenye alama SAE J30 R9, ambao ngozi yake ya ndani hutengenezwa kwa mpira wenye floro. Mpira wa aina hiyo ulitokea Marekani katika miaka ya 1950, na hustahimili petroli pamoja na ethanoli kuliko nitrili. Ukikosekana, ule wa alama R6 au R7 waweza kutumika katika gari lenye kabureta, ila uchunguzwe na kubadilishwa mapema zaidi. Mpira mnene wa mdomo wa tangi nao hauna budi kuwa wa petroli. Mpira wa maji ya rejeta usitumike, hata kama unaingia vizuri.

Alama peke yake haitoshi, kwa maana iko mipira ya bandia iliyochapwa alama isiyostahili. Kabla ya kuuweka garini, kata kipande cha urefu wa kidole, ukitie katika chupa ya kioo yenye petroli, funga kifuniko, na iache nje ya nyumba, kivulini, kwa siku saba. Kisha kifananishe na kipande kisicholoweshwa. Kikiwa kimevimba, kimelainika au kimeitia petroli weusi, mpira huo urudishwe dukani. Kikiwa salama, kikaushe siku mbili na ukikunje. Kikipasuka, nacho hakifai.

Ununuzi huu ni kazi nzuri kwa chama kikuu. Vyama vya msingi vikijumlisha mahitaji yao, roli moja ya mpira halisi yaweza kununuliwa, ikajaribiwa mara moja na kugawanywa. Lakini kisinunuliwe zaidi ya kile kitakachotumika, kwani mpira huzeeka hata ukiwa rafuni.

KAZI YENYEWE

1. Gari liegeshwe nje, mahali tambarare, mbali na shimo la gereji, jiko, taa ya moto na sigara. Injini ipoe kabisa. Kizimia moto kiwe karibu.

2. Waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Petroli iliyomo tangini ipunguzwe na kutiwa katika debe la chuma lenye kifuniko. Ndoo ya plastiki isitumike, kwa kuwa yaweza kuleta cheche za umeme.

3. Bomba la chuma lipimwe unene wake wa nje. Aghalabu ni milimita 6 au 8. Tundu la mpira mpya lilingane na kipimo hicho. Mpira uliopwaya usikubaliwe kwa matumaini ya klipu.

4. Mipira yote ibadilishwe kwa siku moja, lakini kimoja baada ya kingine, ili njia zisichanganywe. Kubadilisha kipande kimoja na kuacha vingine vya umri ule ule ni kuahirisha tatizo. Mpira wa zamani ukatwe kwa urefu wake na kubanduliwa. Usivutwe kwa nguvu ukapinda bomba.

5. Ncha ya bomba isafishwe kutu. Mpira mpya ukatwe kwa wembe mkali, mkato ulionyooka, na uingizwe juu ya bomba kiasi cha milimita 25.

6. Klipu ziwe pana, zenye ukingo laini usiokata mpira. Kila moja ikae milimita 5 hivi kutoka ncha ya mpira, na ikazwe mpaka ishike. Mpira ukianza kuvimba kandokando ya klipu, umekazwa kupita kiasi.

7. Mpira usiguse chuma cha moto, mkanda wa feni wala ukingo mkali wa chesisi. Usikunjwe mkunjo wa ghafla.

8. Petroli irudishwe, na pampu yenye mkono wa kuvutia ivutwe kabla injini haijawashwa. Kila kiungo kipanguswe kwa kitambaa cheupe kikavu na kitazamwe. Kikiwa kikavu, waya wa betri urudishwe, injini iwashwe dakika kumi, viungo vitazamwe tena. Vichunguzwe mara ya tatu asubuhi ya pili, na mara ya nne baada ya wiki moja.

9. Vitambaa vilivyolowa petroli vianikwe nje mbali na moto hadi vikauke. Visirundikwe ghalani.

10. Tarehe, kilomita, aina ya mpira na jina la fundi viandikwe katika daftari la gari. Mafundi wengi wa magari ya zamani hubadilisha mipira hii kila baada ya miaka mitano hivi. Bila tarehe hakuna ajuaye miaka mitano imetimia lini.

WAJIBU WA HALMASHAURI

Dereva ana wajibu wa kuchunguza na kuandika. Lakini maandishi yasiyosomwa hayana faida. Halmashauri haina budi kumtaka katibu asome daftari la gari katika kila kikao, na kila tatizo lililoandikwa lipewe jibu: limetengenezwa, au litatengenezwa tarehe fulani, au gari lisimame. Fedha ya mipira na klipu iwekwe katika makisio ya mwaka kama inavyowekwa fedha ya matairi.

Tena hesabu ya petroli isipolingana, gari lichunguzwe kabla ya mtu kuhukumiwa. Wizi upo, na chama hakipaswi kuufumbia macho. Lakini uchunguzi wa chini ya gari huchukua nusu saa, ilhali jina la mtu likishachafuliwa kijijini halisafishwi kwa nusu saa. Katika mfano wetu, halmashauri iliyotenda haki ingefanya mambo matatu: ingemrudisha dereva kazini na kumlipa siku alizosimamishwa, ingetangaza kosa lake yenyewe mbele ya wale wale waliosikia tuhuma, na ingeandika katika kumbukumbu za kikao kwamba dereva alitoa taarifa mara mbili. Mwanachama akiona kwamba ukweli wa daftari unaheshimiwa, ataendelea kuandika ukweli.

MASWALI YA MAJADILIANO KWA KIKUNDI

1. Mipira ya petroli ya gari la chama chenu ilibadilishwa mwaka gani? Jibu limeandikwa wapi?

2. Kwa nini mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu huweza usidondoshe petroli wakati injini inafanya kazi?

3. Gari lenu huenda kilomita ngapi kwa lita? Fanyeni hesabu ya miezi mitatu iliyopita na mlinganishe.

4. Ni nani asomaye daftari la gari katika chama chenu, na mara ya mwisho alilisoma lini?

5. Kama lita 40 zingekosekana mwezi huu, halmashauri yenu ingeanza kuchunguza nini kwanza?